Kabla Hujafungua Hiyo Invoisi: Viambatisho vya Barua Pepe Katika Ofisi Zetu za Kigoma

Mimi nahudumia kompyuta za ofisi ndogo hapa Kigoma: mawakala wa mizigo wa bandarini, wafanyabiashara wa mawese na dagaa wanaouza nje ya mkoa, na steshenari kadhaa za Mwanga. Nikiitwa kusafisha mashine iliyoingiwa na virusi, mara nyingi habari ni ileile. Mtu alifungua kiambatisho kilichofanana na karatasi aliyokuwa akiingoja. Hakuwa mzembe. Alikuwa kazini, mteja anampigia simu, boti inapakia, na karatasi ikaingia.

Ndiyo maana ule ushauri wa "usifungue barua ya mtu usiyemjua" siutoi kwa mtu wa mizigo. Wakala anaishi kwa kufungua barua za watu asiowajua. Shehena ya saruji au sukari inayovuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie ina karatasi zake: proforma, invoisi, orodha ya vifurushi, manifesti, cheti cha uasilia wa bidhaa. Nyingine zinatoka Dar es Salaam, nyingine kwa muuzaji wa nje, nyingine zimeandikwa Kifaransa kwa sababu ng'ambo ndiyo lugha ya ofisi. Mwizi anaijua kazi hii. Anatuma faili liitwalo FACTURE, yaani invoisi kwa Kifaransa, kwa anwani nyingi za kampuni za mizigo kwa mkupuo, akijua hawatakosekana wanaongoja facture siku hiyo.

Kwa hiyo nafundisha mambo mawili, kwa mpangilio huu: kwanza tazama ni faili la aina gani, kisha mthibitishe mtumaji kwa njia isiyo barua pepe. Aina ya faili naitanguliza kwa sababu inachukua muda mfupi sana na haihitaji hata salio la simu.

Mkia wa jina la faili

Jina la faili huishia na nukta na herufi chache: .pdf, .docx, .xlsx, .jpg. Herufi hizo ndizo zinazoiambia kompyuta ifanye nini ukibofya. Windows ikitoka dukani huzificha, na uficho huo umewaumiza watu wengi. Mei 2000 kirusi kilichoanzia Manila, Ufilipino, kilizunguka dunia kwa barua yenye kichwa ILOVEYOU na faili liitwalo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa .vbs haikuonekana, watu waliona .TXT, wakadhani ni maandishi matupu, wakabofya. Miaka zaidi ya 20 imepita na Windows bado inaficha mikia hiyo mpaka uiambie iache.

Iambie leo. Fungua File Explorer. Kwenye Windows 10 bonyeza "View" juu, kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11 bonyeza "View", halafu "Show", halafu maneno hayohayo. Ukimaliza kwenye mashine yako, fanya na ya mwenzako wa meza ya pili. Ukibaki na jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, liwe hili.

Sasa mikia yenyewe. Faili la .exe, .scr, .bat, .cmd, .com au .msi ni programu au maagizo ambayo ukibofya yanaanza kazi moja kwa moja. Hiyo .scr zamani ilikuwa ya mapambo ya skrini, lakini ni programu kamili na inaweza kufanya lolote. Mikia ya .js, .vbs, .hta na .wsf nayo ni maagizo yanayotekelezwa papo hapo. Faili la .lnk ni njia ya mkato, na njia hiyo inaweza kuelekezwa kwenye amri ya kupakua virusi. Halafu kuna .iso na .img, nakala za diski: ukibofya, Windows inazifungua kana kwamba umeingiza CD, na ndani unakuta kitu kimoja kimekaa kinakusubiri. Hakuna muuzaji wa saruji anayetuma invoisi ndani ya .iso. Ukiliona, kazi ya kuchunguza imekwisha, huna haja hata ya kumpigia mtu.

Ile picha ndogo ya faili isikudanganye. Programu inaweza kuvalishwa alama nyekundu ya PDF na mtu yeyote anayejua kuitengeneza. Soma herufi, si picha.

Vifurushi vya .zip, .rar na .7z vinataka uangalifu wa aina yake, kwa sababu vipo vya halali. Kinachonitia shaka ni kifurushi kilichofungwa kwa nywila, halafu nywila yenyewe imeandikwa ndani ya barua ileile. Kama lengo lingekuwa siri, nywila ingekuja kwa simu. Inawekwa kwenye barua kwa sababu kifurushi kilichofungwa hakikaguliki: mfumo wa barua pepe hauwezi kuchungulia ndani. Gmail, kwa mfano, inakataa .exe na .js hata zikiwa zimefichwa ndani ya .zip ya kawaida, lakini kwenye iliyofungwa kwa nywila haiwezi kukagua yaliyomo ndani ya mafaili. Na kama unatumia WinRAR, fahamu kwamba haijisasishi yenyewe. Toleo 6.23 la Agosti 2023 liliziba tundu ambalo wahalifu walikuwa wameshalitumia: ulibofya picha au maandishi ndani ya kifurushi, na programu ya mwizi ikaanza badala yake. Toleo lolote la zamani liondoe, upakue lililo jipya kabisa kwenye tovuti ya wenyewe.

Barua moja kwa karibu

Wakala mmoja aliniita niitazame barua kabla hajaifungua, na nashukuru alifanya hivyo. Iliingia Ijumaa jioni, saa ambayo benki zimefungwa na kila mtu anataka kumaliza. Kichwa kilisema "RE: FACTURE RECTIFIEE". Ndani, mistari michache ya Kifaransa: invoisi ya awali ilikuwa na makosa, tafadhali tumia hii iliyorekebishwa, lipa kabla ya Jumatatu ili mzigo usichelewe. Chini kulikuwa na saini kamili ya mshirika wake wa ng'ambo, nembo na cheo.

Cha kwanza tulichokitazama ni hiyo "RE". Maana yake ni jibu, na jibu hubeba chini yake barua linaloijibu. Chini ya hii hapakuwa na kitu. Mtu aliandika "RE" kwa mkono ili barua ionekane ni mazungumzo yanayoendelea.

Cha pili ni faili: Facture_rectifiee.pdf.img. Kwenye simu yake jina lilikatwa katikati kwa sababu skrini ni ndogo, ikaonekana "Facture_rectifiee.pdf" na vinukta. Ukiona jina limekatwa, libonyeze na kulishikilia au lifungue kwenye kompyuta ulione lote.

Cha tatu kilitaka macho. Jina la mtumaji lilikuwa sahihi, lakini jina mtu anaweza kujiandikia apendavyo. Anwani iliyo nyuma yake ndiyo yenye ushahidi. Kampuni ya mshirika ina neno "marine" kwenye anwani. Hapa iliandikwa "rnarine": r na n zimewekwa bega kwa bega zikafanana na m. Kwenye skrini ya simu huwezi kuona tofauti. Tuliikopi anwani, tukaibandika kwenye Word, tukaikuza, na hapo r na n zikaachana.

Cha nne, namba ya simu kwenye saini. Tuliifananisha na ile iliyo kwenye makaratasi ya shehena iliyopita. Tarakimu za mwisho hazikulingana. Mwizi alikuwa ameweka namba yake, akitegemea kwamba mwangalifu atapiga kuuliza, na atapiga kwake.

Kwa hiyo kupiga simu peke yake hakutoshi. Piga namba uliyokuwa nayo kabla ya barua kuja: ya kwenye daftari, kwenye mkataba, kwenye invoisi ya mwaka jana, au WhatsApp mliyoizungumzia siku zote. Uvira na Kalemie watu wanazungumza Kiswahili, na Bujumbura humkosi anayekisema, kwa hiyo usione haya. Maneno ni machache: "Shikamoo mzee. Umenitumia invoisi ya kurekebishwa sasa hivi?" Alipopiga, mzee wa ng'ambo alisema hajatuma kitu tangu Jumanne. Usiulize kwa kuijibu barua yenyewe. Kama mwizi ndiye aliye upande wa pili, atakujibu "ndiyo" kwa heshima zote.

Anayetaka kuchimba zaidi, kwenye Gmail ya kompyuta bonyeza vile vinukta vitatu vya barua, kisha "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki barua imetoka wapi, kila kimoja na PASS au FAIL. FAIL ni sababu ya kuiweka barua kando. PASS isikutulize, kwa maana inathibitisha tu kwamba barua imetoka kwenye anwani iliyotajwa, na anwani ya "rnarine" ni mali ya mwizi mwenyewe. Atapata PASS zote tatu.

Kuna hali ngumu kuliko hiyo, na nataka uijue. Kuna virusi vinavyoiba mazungumzo halisi kutoka sanduku la mtu, kisha vinamjibu mwenzake ndani ya mazungumzo hayohayo, na kiambatisho juu yake. Emotet ilisifika kwa mbinu hiyo. Ilianza 2014, polisi wa nchi kadhaa wakaivunja Januari 2021, na Novemba mwaka uleule ikarudi. Barua ya namna hiyo ina historia yote chini yake, lugha yenu, hata namba ya kontena. Hapo alama za nje zinaweza zisikusaidie kitu, na kinachobaki ni mkia wa faili na simu.

Word na Excel

Hizi zinachanganya watu kwa sababu ndizo karatasi zetu za kila siku. Hatari yake ya zamani ni makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya waraka. Waraka unafunguka ukiwa na ukungu au maneno makubwa: "Waraka huu umelindwa, bonyeza Enable Content uusome." Hakuna ulinzi wa namna hiyo. Ni picha iliyobandikwa ili ubonyeze kitufe kitakachoruhusu maagizo. Waraka unaokuomba ruhusa ili usomeke, ufunge.

Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye mtandao, na hilo limesaidia sana. Ila ulinzi huo unategemea alama ambayo Windows inaliwekea faili linapopakuliwa. Alama hiyo inakaa kwenye mfumo wa diski wa NTFS. Flashi zetu nyingi ni za FAT32 au exFAT, na hizo hazina pa kuihifadhi. Faili likipakuliwa kwenye kompyuta moja, likabebwa kwa flashi hadi steshenari kuchapwa, linafika bila alama, na Office ya pale inaliona kama limeandikwa humohumo. Steshenari za Mwanga zinapokea flashi kutwa nzima. Wenye steshenari, nawaomba ombi moja: mteja akileta .docm au .xlsm (mafaili ya Word na Excel yanayobeba makro), au .doc na .xls za mtindo wa zamani zinazotaka "Enable Content", mwambie kwa upole aombe PDF kwa aliyemtumia. Hatakasirika ukimweleza sababu.

Hatari nyingine haihitaji ubonyeze chochote. Ndani ya Office kulikuwa na kijiprogramu cha kuandikia milinganyo ya hesabu, Equation Editor, kilichotengenezwa mwaka 2000. Kilikutwa na tundu ambalo Microsoft ililiziba Novemba 2017, na Januari 2018 ikakiondoa kabisa. Waraka ulioandaliwa kutumia tundu hilo ukifunguliwa tu kwenye Office isiyosasishwa, virusi vinaingia, makro hakuna, kuuliza hakuna. Tundu la zamani hivyo bado lina faida kwa mwizi kwa sababu ya mashine kama nyingi ninazozikuta hapa mjini: Office ya kuchakachua, masasisho yamezimwa ili isije ikagundulika. Najua bei ya leseni na najua mapato ya ofisi ndogo. Kama huwezi kulipia, weka LibreOffice, ni ya bure na inasasishwa. Ni bora mara nyingi kuliko Office ya wizi iliyogandishwa miaka kumi nyuma. Na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakubali kupandishwa, ipandishe.

Njia salama ya kuangalia waraka wenye shaka ni kuusoma humohumo ndani ya Gmail kwa kivinjari, bila kuupakua. Ule mwonekano wa awali unatayarishwa kwenye mashine za Google, na makro haziendi hapo. Ukiona ni kweli invoisi yako, ndipo uendelee. Kuna pia VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa programu nyingi za virusi kwa pamoja, lakini usipakie humo waraka wenye siri za mteja. Unachokipakia kinaweza kuonwa na watafiti na kampuni wanaolipia huduma hiyo.

PDF na kurasa

PDF kwa kawaida haiambukizi kwa kufunguliwa tu kama kisomaji chako ni kipya. Madhara yake yako kwenye kiungo kilicho ndani: "Bonyeza hapa kuona waraka kamili." Kiungo kinakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa Microsoft au Google, unaingiza nywila, na nywila imekwenda. Kiambatisho cha .html kinafanya kazi hiyohiyo bila kukupeleka popote, ukurasa wa bandia umo ndani ya faili. Hili linawapata wa simu sawasawa na wa kompyuta. Waraka halali uliotumwa kama kiambatisho haukuulizi nywila ya barua pepe yako.

Wakati mwingine kinachoonekana kuwa kiambatisho ni picha tu ya kiambatisho iliyowekwa ndani ya barua. Kwenye kompyuta peleka kishale juu yake bila kubofya, usome anwani inayojitokeza chini kushoto ya kivinjari.

Na kwa wa simu: faili la .apk ni programu ya Android. Kadi ya mwaliko wa harusi, risiti au picha za msiba haziji kama .apk.

Vijana wanaotafuta kazi

Mkoa wetu una mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi, kama kwenye kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na kila kijana aliyemaliza chuo anangoja jibu kutoka mojawapo. Mwizi naye anajua. Barua inakuja: umechaguliwa kwa usaili, jaza fomu iliyoambatishwa, lipia usafiri au kipimo cha afya. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Nafasi za serikali zinatangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, portal.ajira.go.tz, na ofisi za serikali zinatumia anwani zinazoishia .go.tz. Kabla ya kufungua "fomu", jiulize kama uliwahi kuomba nafasi hiyo. Kama hukuomba, hukuchaguliwa.

Umeshafungua

Usifiche. Nawaomba sana na mabosi mnisikie: mfanyakazi akijua atafokewa, atafunga faili na kunyamaza, na ukimya huo ndio unaompa mwizi muda. Mwenye kusema mapema ashukuriwe mbele ya wenzake.

Kata mtandao mara moja. Zima Wi-Fi au chomoa modemu. Usiizime kompyuta yenyewe kama kuna mtu wa kuja kuichunguza upesi. Toa flashi na diski za nje, na usizichomeke kwenye mashine nyingine.

Chukua simu au kompyuta nyingine safi, ubadilishe nywila ukianzia na ya barua pepe, kwa sababu hiyo ndiyo inayofungulia nyingine zote. Usibadilishe kwenye mashine iliyoambukizwa. Virusi vinavyosambazwa sana kwa mtindo wa invoisi, kama Agent Tesla iliyojulikana tangu 2014, vinarekodi kila herufi unayoandika, vinapiga picha skrini, na vinakomba nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Ukibadilishia hapo, umempa na mpya. Ukishabadilisha, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana vipo vinavyoiba kile kibali cha kubaki ndani bila nywila.

Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kwetu nashauri programu ya kutengeneza namba kwenye simu badala ya SMS. Anayevuka kwenda Kalemie akatoka nje ya mtandao wa hapa hapati SMS, ila programu inatoa namba hata bila mtandao wowote. Zile namba za akiba zichape, uziweke kwenye faili la makaratasi kabatini.

Kwenye mashine yenyewe, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao. Uko ndani ya Windows Security, kwenye sehemu ya virusi, unaitwa "Offline scan". Mimi kwa kompyuta ya malipo sitosheki na ukaguzi. Naokoa nyaraka, nafuta, naweka Windows upya. Inachosha, lakini nalala usingizi.

Kama mafaili yamefungwa na umeandikiwa ulipe, usilipe kabla hujatazama nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama. Una funguo za bure za baadhi ya virusi vya aina hiyo. Zaidi ya hapo kinachokuokoa ni nakala uliyoihifadhi kwenye diski isiyochomekwa muda wote.

Mwizi aliyebaki sandukuni

Hapa ndipo fedha zinapotea, na mara nyingi kompyuta ilishasafishwa zamani. Mwizi mwenye nywila ya barua pepe ya ofisi hana haraka. Anasoma kimya. Anajua nani analipa nani, lini, kiasi gani. Siku invoisi halisi inapotumwa, anatuma ya kwake inayofanana kila mstari, isipokuwa namba ya akaunti, na maneno mafupi: benki yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tumia hii.

Kwa hiyo baada ya kubadilisha nywila, ingia Gmail kwa kompyuta, nenda kwenye mipangilio, fungua "Forwarding and POP/IMAP" uone kama barua zako zinapelekwa kwa anwani usiyoijua. Kisha fungua "Filters and Blocked Addresses". Mara nyingi mwizi huweka kanuni: barua yoyote yenye neno "facture", "payment" au "malipo" iende kwenye takataka au ihesabiwe imesomwa, ili wewe usione wenzako wakilalamika. Futa usichokiweka wewe. Chini kabisa kulia mwa ukurasa wa barua kuna "Details" inayoonyesha akaunti ilifunguliwa wapi na lini.

Halafu wape taarifa mnaofanya nao kazi, kwa simu, mmoja mmoja: barua yetu iliingiliwa, hatujabadilisha akaunti ya benki, mkiona mabadiliko tupigieni. Wekeni sharti ndani ya ofisi kwamba akaunti ya malipo haibadilishwi kwa barua pepe. Inabadilishwa kwa sauti, kwa namba ya zamani, na watu wawili wa ofisi wakijua.

Fedha zikiwa zimeshatoka, ipigie benki yako saa hiyohiyo uombe wazuie muamala, usingoje kuripoti polisi kwanza. Baada ya hapo nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika na mambo haya. Taarifa ya shambulio ipeleke pia TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia mashambulio ya mtandao kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli kwa SMS itume kwenda 15040.

Barua yenyewe usiifute. Kwenye vile vinukta vitatu chagua kuipakua kama faili la .eml, uihifadhi kwenye flashi ya peke yake yenye maandishi ya karatasi kwamba ina virusi. Kuifowadi kunapoteza taarifa za njia iliyopita, nazo ndizo mchunguzi anazozitaka. Picha za skrini chukua pia: anwani ya mtumaji ikiwa imekuzwa, jina lote la faili, tarehe na saa.

Ukiwa na shaka na barua iliyoko mbele yako sasa na mtu wa ng'ambo hapokei simu, iache hadi kesho. Mwambie mteja ukweli, kwamba unathibitisha invoisi.